Nakala tatu za sanamu za Waparthi: mwanamke mzuri, farasi wa kurekebishwa

Seti hii ya udongo wa kuchoma inafuata sanamu ndogo za Waparthi, watawala wa kale wa Uajemi na Iraki, zilizofukuliwa Seleucia, kando ya mto Tigris nchini Iraki, ambako Chuo Kikuu cha Michigan kilichimba kuanzia 1927 hadi 1937. Ndani ya boksi kuna mwanamke aliyejilaza akiegemea kiwiko, mwanamume wa suruali na mpanda farasi mwenye upinde.

Mwanamke ndiye kazi ya fundi hasa. Katolewa kwa kalibu mbili, ya mbele na ya nyuma, zikaunganishwa kwa uji wa udongo, kama walivyofanya wafinyanzi wa Seleucia. Mgeuze: mshono unapita ubavuni, na mgongoni kuna tundu la upana wa penseli. Wanunuzi wengine hulalamikia tundu hilo, lakini si kasoro. Sanamu ni tupu ndani. Isipopata pa kupumulia, unyevu uliobaki hugeuka mvuke tanurini na kuipasua. Juu kapakwa weupe, kisha waridi hafifu lisilong'aa. Safi kabisa.

Mwanamume ana tatizo. Mikunjo ya suruali, ambayo ndiyo sura ya vazi la Kiparthi, imefutika, na vidole vimegandana. Hiyo ni dalili ya kalibu iliyochukuliwa kwenye nakala badala ya sanamu ya asili. Udongo hunywea ukikauka na kuchomwa, mara nyingi kwa asilimia 5 hadi 12, hivyo kila kizazi cha nakala hutoka kidogo zaidi na chenye ukungu zaidi.

Farasi anauma roho, maana uso wa mpandaji umefinyangwa vizuri mno. Lakini miguu ya mpandaji imekanyaga vikuku, yaani vile vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko! Waparthi walitawala kuanzia 247 KK hadi 224 BK bila vikuku. Walijishikilia kwa mapaja wakigeuka kupiga mishale nyuma. Vifundo vya farasi navyo ni vyembamba, huvunjika njiani. Mwombe muuzaji afunge kila mguu peke yake.

Chini ya kila sanamu pamegongwa muhuri wa nakala, na ni jambo la maana: Azimio 1483 la Umoja wa Mataifa (2003) linakataza biashara ya mali za kale zilizotolewa Iraki kinyume cha sheria tangu Agosti 6, 1990.

Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Rangi imepakwa baada ya kuchoma, kwa hiyo maji yataing'oa.