King'ora cha kabari cha mlangoni: nimekitumia giza tatu hapa Igombe

Habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo sina sufuria wala jiko mkononi. Nimeshika hiki kidude cheusi, mnakiona? Kinaenea kiganjani. Ni king'ora cha kabari, kinakaa chini ya mlango. Nimekinunua sokoni Makoroboi, Mwanza mjini, kwa shilingi 18,000, hela yangu mwenyewe, hakuna aliyenipa ili nikisifie.

Niwaambie kwanza kwa nini nilikitafuta. Nakaa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na mwalo, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, na baba watoto anavua dagaa. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu. Mwezi ukiisha, kipindi hicho tunakiita giza, wanaingia ziwani, na ukitoka nje usiku unaona taa zao kama mji mwingine juu ya maji. Sasa wezi nao wanaijua kalenda hiyo. Usiku ambao huoni hata mkono wako ndio huohuo ambao nyumba nyingi za huku zina mama na watoto peke yao.

Mwaka jana, saa nane usiku, nikasikia mtu anachokonoa mlango wa nyuma. Upepo wa ziwani naujua, unapiga bati. Hii ilikuwa krr, kimya, krr. Uvunguni nilikuwa na panga. Nikalichukua, nikasimama nyuma ya mlango, mpini unateleza kwa jasho, nikalipeleka nyuma ya bega tayari kwa kukata. Palepale nikahisi kanga inavutwa. Mtoto wangu wa mwisho, miaka minne, ameamka, amenifuata gizani, amesimama mgongoni kwangu usawa ule ule panga lilikorudi. Jamani, mikono iliisha nguvu. Jirani akawasha taa akakohoa kwa nguvu, wale watu wakakimbia. Mimi sikulala. Nilikuwa napapasa kichwa cha yule mtoto mpaka kulipokucha.

Kwa hiyo mnaponiandikia, "Dada, weka silaha ndani," najibu nikiwa bado nimesimama kwenye ule mlango.

Haya, tuangalie kifaa. Hapa juu kuna kisahani, mlango ukikikandamiza kinapiga kelele. Pembeni swichi ya kuwasha, na hapa kuna hatua tatu za wepesi: ya kwanza inataka mlango usukumwe hasa, ya tatu ukigusa tu. Mimi natumia ya pili, maana ya tatu upepo uliniamsha mara mbili usiku mmoja na watoto wakalia. Betri ni ile ya mraba ya volti 9. Boksi linasema desibeli 120. Kipimo sina, lakini tulijaribu mchana mlango ukiwa umefungwa, na mama wa nyumba ya tatu akatoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Ngoja mkisikie. Wenye watoto wamelala, punguzeni sauti.

Mmesikia.

Sasa kasoro zake, na hapa nisikilizeni vizuri. Kinafaa mlango unaofunguka kuelekea ndani tu. Wa kwako ukifunguka nje, usitupe hela. Pili, sakafu. Huku kwetu mchanga unaingia na miguu, na sakafu ya simenti iliyosuguliwa ikiwa na mchanga kidogo tu, kabari inateleza. Niliposukuma mlango kwa nje, kilinipigia kelele vizuri, lakini kikaburuzika na mlango ukafunguka mpaka mkono ukapita. Nikafuta sakafu na huu mpira wa chini kwa kitambaa kibichi, nikarudia, kikang'ang'ania. Kwa hiyo kila jioni nafuta. Tatu, betri ya bei ya chini ilikufa kabla giza la pili halijaisha. Nunueni betri za alkalaini, na mkijaribu kila Jumapili mtajua mapema.

Na kabari haibebi kazi ya mlango. Baada ya tukio lile fundi alinionyesha skrubu za komeo langu: fupi kama ukucha, zimeshika mbao juu juu. Akaweka ndefu zinazofika ukutani kupitia fremu, na komeo la pili chini karibu na kizingiti. Hiyo kazi ilinigharimu kidogo kuliko kabari, na mngeniuliza kipi kianze, ningesema skrubu.

Taa ya sola yenye sensa nimeifunga nyuma pia. Inasaidia, ila wadudu wa ziwani wakija kwa wingi wanaganda juu ya paneli na kioo, isipofutwa inafifia.

Wengine mmeuliza bunduki. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bila leseni huruhusiwi, na gobore la marehemu babu nalo ni silaha, halikai uvunguni kwa sababu ni la urithi. Haki ya kujilinda ipo, imeandikwa kwenye Kanuni ya Adhabu, kujilinda wewe, mwenzako na mali yako, lakini kwa nguvu ya kadiri inayohitajika. Mtu aliyekwisha kukimbia ukimfuata na panga, hapo hujilindi tena. Mimi siwalaumu wenye leseni. Nasema kwa nyumba ya vyumba viwili, giza, na watoto wanaotembea usiku kama ya kwangu, sitaki kitu ambacho nikikosea sekunde moja sikirudishi.

Kelele nairudisha. Na kelele ni silaha ya hapa toka zamani. Wazee wetu Wasukuma wanapiga mwano, yowe la hatari, na kila anayesikia anatoka. Sungusungu walipoanza huku Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980 walikuwa na filimbi. Hiki kidude ni mwano wa betri. Ila mwano unataka watu wa kuuitikia, kwa hiyo nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani watano, nikawasikilizisha mlio wake ili wasidhani ni simu ya mtu. Tumekubaliana: ukilia, wawashe taa zote, mmoja apige 112, na mtu akikamatwa akabidhiwe polisi akiwa mzima. Hilo la mwisho nililisema mara mbili, maana nimewahi kuona kijana anapigwa mpaka kufa mwaloni kwa nyavu ambazo baadaye zilikutwa kwenye mtumbwi wa mwenyewe.

Giza la mwezi huu linaanza Jumatatu, baba watoto anaingia ziwani. Betri mpya ninayo, sakafu nimefuta. Panga liko jikoni, juu ya kabati, linakata kuni. Mwenye mlango unaofunguka nje, niandikie hapa chini umefunga nini, maana dada yangu wa Kayenze ana mlango huo na bado sijampatia jibu.