Programu ya kujifunza istilahi za muziki wa klasiki: uzoefu wangu

Nimeupenda muziki wa klasiki kwa miaka mingi bila kuuelewa. Simfoni ingeanza, nami ningengoja pale paninogeapo, basi. Maneno kama "Allegro con brio" au "Op. 67" niliyaruka. Miezi mitatu iliyopita nililipia programu ya simu inayofundisha istilahi hizo, na sasa nimeimaliza.

Uzuri wake ni kwamba sauti hutangulia, jina hufuata. Unasikilizishwa kipande, unaulizwa umesikia nini, kisha ndipo unapewa neno lake. Motifu, yaani wazo fupi la muziki linalojirudia, nilifundishwa kwa noti nne zinazofungua Simfoni ya Tano ya Beethoven: tatu fupi, moja ndefu. Niliambiwa niguse skrini kila nitakapozisikia. Kidole hakikupumzika! Zipo kwenye violini, zipo kwenye honi, zinajificha hata chini ya melodi ile laini inayofuata.

Somo lililonigusa zaidi ni la muundo wa sonata. Mtunzi anatambulisha mawazo yake, anayachambua na kuyazungusha katika funguo (ngazi za sauti) mbalimbali, kisha anayarudisha. Nilidhani kurudisha ni kurudia tu. Kumbe katika sehemu ya kwanza ya simfoni hiyohiyo, mawazo yanaporudi, okestra nzima inanyamaza ghafla na obo, ala ya kupuliza, inabaki peke yake, ikiimba polepole kwa pumzi chache. Juu ya noti zake pameandikwa "adagio", yaani taratibu. Nilikuwa nimeisikia simfoni hii mara nyingi mno, na obo ile sikuwahi kuitambua.

Namba za kazi zimeelezwa kwa kifupi na vizuri: opus ni kazi, na herufi K kwenye tungo za Mozart inatokana na Köchel, aliyechapisha orodha ya tungo hizo mwaka 1862.

Palipopwaya ni somo la meja na maina, aina mbili za funguo. Linasema meja ni furaha, maina ni huzuni, linaishia hapo. Haitoshi hata kidogo. Mimi nililielewa nilipokaa kwenye kinanda, nikabonyeza C, E na G pamoja, kisha nikaishusha E nusu toni. Noti moja tu, na chumba kizima kikabadilika. Bila kulijua hilo, utaifuataje safari ya Beethoven kutoka C maina hadi C meja? Sehemu ya tatu ya simfoni yake haikatiki kabla ya ile ya nne. Timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinagonga kwa sauti ya chini, violini zinapanda, kisha ya nne inalipuka pamoja na tromboni zilizokuwa kimya tangu mwanzo.

Tena vipande vya kusikiliza ni vifupi mno, kwa hiyo uwe na rekodi kamili pembeni. Anayesoma noti tayari haitamfaa sana. Kwa anayeanza, ningeilipia tena, ila somo la meja na maina alifanye akiwa mbele ya kinanda.