Vichwa vya mshale vya dola 20 vilinipotezea kulungu, sasa hivi natumia hivi

Ndugu zangu mnaowinda na upinde huku Marekani, hasa sisi wa Iowa mana naona tunaongezeka kila mwaka, nataka niongelee vichwa vya mshale vya kuwindia, hizi wenyewe wanaita brodihedi. Ikikaribia Oktoba 1 msimu unafunguliwa nashindwa hata kula vizuri kwa simu, na swali ni lile lile, kaka hizi za bei rahisi zinafaa au mpaka nitoe dola mia? Nimewinda misimu minne na hela nimeshatoa ya kutosha, ngoja niseme nilichokiona.

Msimu wa kwanza nilinunua kumi na mbili kwa dola 20 mtandaoni. Kwa macho zilifanana kabisa na zile za jina kubwa, mpaka rangi. Imeandikwa greini 100, ambayo ni kama gramu 6 na nusu, lakini nilivyoazima mzani wa jamaa mmoja ikatoka moja 94, nyingine 107, hakuna mbili zilizolingana. Nikajaribu kunyolea vinyweleo vya mkono, wembe unateleza tu haukati. Hapo ndo ningepaswa kuzitupa, ila nikajiambia kulungu si chuma, itaingia tu.

Novemba, jua linakaribia kuzama, nipo juu ya dungu langu, akapita jike mzuri yadi 22, ubavu wote kanigeuzia. Nikaachia. Nilisikia mlio mkavu, kama unavunja kijiti, akaruka akaondoka. Mshale niliukuta hatua kama arobaini mbele, kichwa kimepinda, wembe mmoja umeng'oka haupo, na kwenye majani damu tone moja hapa, jingine kule mbali. Tulifuata na tochi mpaka saa tano usiku, asubuhi tukarudi tena, hatukumpata. Mnyama aliumia bure na mimi ndo niliyemuumiza, hilo nalibeba mpaka leo, na ndo sababu naandika haya.

Mana bunduki ina kishindo chake, risasi inapasua na kubomoa. Mshale hauna hiyo. Mshale unakata mishipa na mapafu, damu inatoka, mnyama anakwisha ndani ya sekunde chache ukipiga pale panapotakiwa. Kwahiyo kazi yote iko kwenye makali. Mimi nimekulia Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, tulikuwa tunawaona Wahadzabe wanakuja na asali kubadilishana na wahunzi wa Kidatoga, msumari mrefu unapashwa moto unapondwapondwa mpaka unakuwa bapa, kisha unanolewa kwenye jiwe taratibu sana, mzee anaupitishia kidole gumba halafu anarudia tena. Na hao kwa wanyama wakubwa bado wana sumu ya kuwasaidia. Huku Iowa kuweka kemikali kwenye mshale ni marufuku, una wembe wako tu basi, sasa utawezaje kubana matumizi kwenye wembe?

Haya tuje kwenye zenyewe. Kuna makundi mawili makubwa, zisizofunguka yani wembe umesimama muda wote, na za kufunguka, ambazo wembe unalala wakati mshale unaruka halafu unatanuka ukigusa mnyama.

Za kufunguka nimetumia Rage, ile yenye upana wa inchi 2 ikifunguka. Tundu lake ni kubwa kweli, dume niliyempiga nayo alienda yadi kama 60 na damu ilikuwa imepakwa kwenye majani kama mtu kamwaga ndoo, mtoto angeweza kuifuata. Na inaruka karibu sawa na ncha za mazoezi, zile za kawaida zisizo na wembe, hiyo ni raha. Lakini jua mambo mawili. Kutanuka kunakula nguvu ya mshale, sasa kama upinde wako ni paundi 40 au 45, yani uzito wa kuuvuta, au unamnunulia mke au kijana wako, nguvu inayobaki ya kupenya ni ndogo na mimi simshauri mtu wa upinde mwepesi. Pili kuna kile kipete cha plastiki kinachoshikilia nyembe, kila ukipiga unabadilisha, kwahiyo bei ya pakiti sio bei ya mwisho. Pakiti ya tatu nililipa dola hamsini hivi.

Zisizofunguka nimetumia tatu. Muzzy ya nyembe tatu ni ngumu na nyembe zinabadilishwa, ukipiga unatoa za zamani unaweka mpya, haina maneno mengi. G5 Montec ni chuma kimoja, hakuna kitu cha kung'oka, na kuinoa ndo nimeipendea. Unailaza kwenye jiwe bapa, kingo mbili zinagusa kwa pamoja, unasukuma mbele, mbele, mbele, unageuza upande wa pili, unageuza wa tatu. Haihitaji ufundi wa pembe wala kifaa. Ukitaka kujua unanoa sawasawa paka wino wa makapeni kwenye makali, wino ukifutika mpaka ukingoni upo sawa, ukibaki mstari mweusi bado hujafika. Mimi nakaa jikoni jioni nanoa zote tatu kabla chai haijapoa.

Ila ninayoitegemea zaidi kwenye podo langu ni Magnus Stinger, nyembe kuu mbili na vijinyembe vidogo viwili vya pembeni. Ncha yenyewe ni kali, inaanza kukata palepale inapogusa ngozi, kwahiyo hata upinde wa paundi 50 inapenya vizuri. Nililipa chini kidogo ya 45 kwa tatu na kampuni inatoa dhamana ya maisha. Nimechukua nayo kulungu watatu, wawili mshale ulitokea upande wa pili ukachomeka kwenye udongo, na kichwa kile kile nimekinoa nikakirudisha kazini.

Sasa zile za dola mia kwa tatu kama Iron Will. Rafiki yangu anazo, nimezishika, nimezipiga kwenye tageti. Chuma chake ni cha hali ya juu, makali yanakaa, na ukizungusha mshale mezani haitikisiki hata kidogo. Kama unaenda kuwinda elki Colorado, mnyama wa kilo mia tatu, na safari umelipia maelfu, nunua tu. Kwa kulungu mkia mweupe wa huku mtu mwenye familia na kodi ya nyumba hazihitaji, na hiyo dola 55 inayobaki nunua kichwa cha ziada cha aina ile ile utakayowindia, uwe unafanyia mazoezi.

Na hapa nasisitiza sana, mazoezi yafanye na kichwa chenyewe. Zisizofunguka zinashika upepo. Mimi kwa yadi 20 nilikuwa napiga pamoja na ncha za mazoezi, nikasema tayari, kurudi yadi 40 zikaenda inchi 5 kushoto. Sio kichwa kibaya, ni upinde haujakaa sawa. Nilisogeza kile kishikio cha mshale kulia, kidogo sana, nikapiga tena, nikasogeza tena, jioni mbili nzima, mpaka zote zikawa zinakutana. Mtu asipofanya hivi atalaumu brodihedi bure na atanunua nyingine na nyingine.

Usizifunge kwa vidole, tumia spana yake ndogo ya plastiki, kuna jamaa alishonwa nyuzi sita kwenye kiganja. Na ukishapiga, kaa. Ukiona umepiga mapafu subiri nusu saa kabla hujashuka, ukiona mshale una uchafu wa utumbo na unanuka nenda nyumbani kabisa, rudi baada ya masaa nane au zaidi, ukimkimbiza atahama kaunti.

Mwaka huu podo lina Stinger nne zimenolewa na Montec mbili za akiba. Zile za dola 20 zilizobaki zipo kwenye kopo la misumari gereji, kuna kijana aliniomba nimpe, nimemkatalia, nimempa Montec moja na jiwe.