Miezi minane na Lean: matriksi zilinipokea, vikomo vilinitoa jasho

Niliingia kwa kiburi. Theoremu niliyotaka kuiandika naijua tangu mwaka wa kwanza wa chuo: chukua ramani ya mstari, jumlisha dimensheni ya vekta zinazomezwa kuwa sifuri na dimensheni ya zile zinazofikiwa upande wa pili, utapata dimensheni ya nafasi ulikoanzia. Kwenye karatasi ni nusu ukurasa. Nikajipa jioni moja kuimaliza kwa Lean 4, programu ya kompyuta ambamo unaandika uthibitisho wa hisabati nayo inaukagua hatua kwa hatua.

Jioni hiyo iliishia kwenye kusakinisha. Mathlib, maktaba ya hisabati ya Lean inayojengwa tangu 2017, imeshapita mistari milioni moja, nami kwa ujuaji wangu nikaiacha kompyuta iikompaili yote toka mwanzo. Feni ililia usiku kucha. Kumbe ipo amri, `lake exe cache get`, ya kupakua mafaili yaliyokwisha kukompailiwa. Maelekezo yalikuwepo, sikuyasoma.

Theoremu yenyewe nayo ilikuwa imo tayari. Niliiandika upya hata hivyo, bila kuchungulia, na sijutii. Aljebra ya mstari humu ni raha. Hulazimiki kuchagua besi (vekta za msingi za kupimia nyingine) kabla ya kuanza kazi, amri ya `ring` inamaliza ukokotoaji wa kuchosha, na `linarith` inashughulikia mambo ya kubwa kuliko na ndogo kuliko. Kila hatua unayoandika, dirisha la pembeni linakuonyesha ulichopewa na unachodaiwa bado. Kwa dirisha hilo tu, karatasi siitamani tena.

Kwenye uchanganuzi, hisabati ya vikomo na derivativu, ndiko nilikonuna. Nilitafuta epsiloni na delta, zile namba ndogo za kuelezea kikomo vitabuni, nikakuta filta, yaani mikusanyiko ya seti inayoeleza maana ya "kukaribia". Wiki mbili nzima niliona ni maringo ya wajuzi. Kisha nikaelewa: fankisheni ikielekea kikomo kwenye nukta, kwa upande mmoja tu, au kwenye ukomo, yote husemwa kwa sentensi ileile, na theoremu ya kuunganisha vikomo viwili huthibitishwa mara moja badala ya kurudiwa kwa kila hali. Epsiloni bado zipo ukizihitaji. Mimi nazihitaji mara chache kuliko nilivyofikiri.

Ila kuna siku nilikaribia kufuta kila kitu. Nilitaka mfano mwepesi wa urefu wa vekta, nikachukua (3, 4). Mashine ikakataa katakata kwamba urefu wake ni 5. Nilihangaika mpaka usiku wa manane nikiamini programu imeharibika. Mwenye kosa ni mimi: niliiandika vekta kama `Fin 2 → ℝ`, yaani namba halisi mbili tu, na aina hiyo ya data imepewa urefu wa kijenzi kikubwa kuliko vyote, yaani 4. Ukitaka urefu wa Pythagoras na zao la ndani, lazima useme `EuclideanSpace ℝ (Fin 2)`. Kwa habari ya vikomo hakuna tofauti, maana katika dimensheni yenye ukomo urefu wa namna zote hutoa vikomo vilevile, lakini kwa pembe na umbali tofauti ni kubwa.

Tangu siku hiyo nasoma tamko la theoremu mara mbili kabla ya kushangilia. Humu 1 kugawanya kwa 0 ni 0. Derivativu ya fankisheni isiyo na derivativu ni 0. Hata dimensheni ya nafasi isiyo na ukomo, ukiiuliza kwa `finrank`, ni 0. Hizo ni kanuni za makusudi, zinarahisisha uandishi, lakini unaweza kuthibitisha kihalali kabisa kitu ambacho hukukikusudia, na mashine haitakushtua.

Nilijaribu pia Isabelle/HOL, programu nyingine ya kazi hiihii, kwa majuma matatu. Sledgehammer yake, inayokutafutia uthibitisho yenyewe, niliipenda mno. Kilichonirudisha Lean ni matriksi: nataka ukubwa n uwe namba ya kawaida ndani ya aina, na mantiki ya HOL hairuhusu aina kutegemea namba, hivyo inabidi kuzungukazunguka.

Sasa niko kwenye theoremu ya spektra kwa matriksi linganifu, inayosema kila moja yaweza kugeuzwa kuwa ya mshazari. Faili limebaki na `sorry` moja, neno la kuziba pengo la uthibitisho ambao haujaandikwa, mahali ninapogeuza namba asilia kuwa namba halisi; nimeshaipiga amri za `push_cast` na `norm_cast`, haijang'oka. Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka hiyo `sorry` itoke.