Half-Life: G-Man anastahili bando lako, ila sehemu yake ya mwisho ni ghali

Anayeitaka Half-Life, mfululizo wa michezo ya kompyuta, kwa ajili ya G-Man, yule bwana wa suti na mkoba anayepanga mambo kichinichini, aanze na ile ya 1998. Wengi hurukia Half-Life 2 ya 2004 kwa sababu picha zake bado zinavutia, kisha maneno ya ufunguzi ya G-Man yanawapita. Katika ya kwanza, G-Man hapigani na mtu. Kabla jaribio la maabara ya Black Mesa halijaharibika yuko nyuma ya kioo akibishana na mwanasayansi. Baadaye unamwona kwa mbali, ukimfuata ametoweka. Mwishoni ndipo anampa Gordon Freeman, mhusika unayemchezesha, kazi ambayo kuikataa ni kifo. Sauti yake, ya Mike Shapiro, huvuta pumzi pasipotarajiwa na kukaza silabi isiyostahili. Inatisha kuliko mazimwi. (Shapiro huyo huyo ndiye Barney, mlinzi mcheshi!)

Mashine si kisingizio: Half-Life 2 inakwenda hata kwenye laptopu kuukuu ya ofisini. Tangu Novemba 2024 Episode One na Episode Two, sehemu zinazoendeleza hadithi yake, zimo ndani yake. Bei ya kawaida kwenye Steam, duka la michezo la mtandaoni, ni dola 9.99, na ukisubiri punguzo hushuka sana.

Bando la Uganda lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo pakueni mara moja. Mmoja atengeneze nakala kwa kutumia Steam yenyewe, aiweke kwenye flashi, na mwenzake airudishe kwenye akaunti yake aliyonunulia mchezo. Kabla ya kwenda kijijini, fungua mchezo ukiwa na intaneti, ndipo uiweke Steam nje ya mtandao. Ukiruka hatua hiyo inaweza kukugomea. Katika Half-Life 2, bonyeza F6 kila baada ya pambano, F9 kurudi ulipohifadhi. Mchezo hujihifadhi mahali maalumu tu, na umeme ukikatika ukiwa Ravenholm, mji wa mazombi, utaanzia mbali.

Sehemu ya boti huwatia baadhi ya watu kizunguzungu. Kwenye mipangilio, panua uwanja wa kuona kutoka nyuzi 75 hadi 90.

Kero kubwa ni Half-Life: Alyx ya 2020. Episode Two iliacha hadithi ikining'inia, na siri ya G-Man imesogezwa kwenye mchezo unaodai miwani ya uhalisia pepe, RAM ya GB 12 na kadi ya picha yenye GB 6. Asiye navyo atazame saa ya mwisho YouTube, mtu mwingine akicheza, lakini amalize Episode Two kwanza.