Sifa au ukoo: kipi huamua mti gani uishi mikokoni?

Kwenye delta ya Rufiji, pwani ya Tanzania, maji ya bahari yakitoka, ukoo unaonekana kushinda: kati ya miti ya mikokoni, mkoko wenyewe, mkandaa na msinzi ni ya familia moja, na mbegu zake huota zingali mtini. Lakini tazama mlilana na mchu. Miti hii miwili haina undugu wa karibu, ila yote huchomoza mizizi ya kupumulia kutoka tope lisilo na hewa. Bahari ilichuja kwa sifa, haikuuliza ukoo. Kueleza mti gani huishi wapi, mimi ningeanza na sifa, yaani maumbile yanayousaidia mti kuishi hapo. Ukoo hunifaa pale sifa hazijapimwa, maana ndugu mara nyingi hufanana. Lakini si kila mara: mkoko hukaa tope linalofunikwa na maji kila siku, mkandaa hukaa nyuma zaidi, upande wa nchi kavu, kwenye chumvi zaidi.