Kaiser Manhattan ya 1954 "yenye supachaja", uzoefu wangu na hawa wauzaji

Jamani nimechukia. Tangazo limeandikwa kwa herufi kubwa SUPACHAJA, picha kali, gari inang'aa balaa, nikatoka Columbus na familia mpaka kule juu karibu na Toledo, hukuhuku Ohio, nafika nafungua boneti, mkanda wa supachaja, ile pampu ya kusukumia injini hewa ya ziada ipate nguvu, hakuna. Hakuna kabisa. Mashine yenyewe ipo, imepigwa rangi safi kweli, ila puli naizungusha kwa kidole maana haijaunganishwa na kitu. Umeagiza pilau unaletewa wali unaonukia pilau.

Na hapa mnielewe, maana mtu atasema si mkanda tu. Hii gari bila supachaja ni sedani nzito ya kawaida. Kaiser, kampuni iliyoitengeneza, hawakuwa na hela ya kuunda V8, injini ya silinda nane, wakati wenzao wanazo, mpaka Ford naye 1954 hiyohiyo akaja na V8 mpya, sasa wao wakachukua injini yao ileile ya silinda sita wakaifungia supachaja ya McCulloch, kutoka nguvu farasi 118 ikafika 140. Ukienda polepole supachaja inajizungukia tu, ukikanyaga mafuta mpaka chini puli yenyewe inajibadilisha, spidi inapanda. Hicho ndo nilichoenda kukisikia, kiti cha kukalia ninacho nyumbani!

Nikamuuliza yule kijana wa mauzo mkanda uko wapi, akasema aah mwenye gari wa zamani aliutoa ili mashine isichakae. Sawa. Nikauliza mafuta ya supachaja yamebadilishwa lini, akanijibu kwa kujiamini kabisa eti inatumia mafuta ya injini. Ndugu zangu, hiyo VS57, yaani hiyo supachaja ya McCulloch, ina mafuta yake humohumo ndani, mbali na ya injini, yakiisha beringi zinakufa na spea zake si za kuokota. Mimi ni fundi, kazi yangu kila siku ni kushika grisi, nikamweleza taratibu tu bila ubaya. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akamwangalia na binti yangu aliyekuwa ameshakaa nyuma, akasema, "Rafiki, hii si gari ya kupeleka watoto shule, hii ni ya wakusanyaji."

Eti si ya watoto!! Gari ina milango minne, kiti cha nyuma wanalala watoto watatu, dashibodi imewekewa sponji ili mtu asivunje uso, kioo cha mbele kimetengenezwa kichomoke kikipigwa kwa nguvu kutoka ndani, Kaiser wenyewe walikuwa wanaitangaza kwa usalama miaka ambayo wengi walikuwa bado wanauza urembo. Hiyo gari ilizaliwa kupeleka watoto shule! Labda alichotaka kusema ni kingine, kuhusu watoto wa nani, ila sikumuuliza. Wife akanishika mkono, "baba watoto, twende zetu." Tukaondoka, hata kuwasha hawakuniwashia.

Huduma mbovu. Bei siitaji kwa sababu nitapandisha presha. Lakini nisidanganye, bodi ni safi, chini nimelala nimechungulia sijaona kutu ya kutisha, na lile paa linavyoshuka ncha katikati ya kioo cha mbele, ule mkono wa Dutch Darrin aliyechora umbo lake, aisee mtu unasimama tu unaangalia. Na nilikuwa nimeshasema siitaki tena mpaka jana bosi wao akapiga, mstaarabu kiasi, anadai mkanda "umepatikana". Umepatikana wapi sijui. Nimemwambia sirudi mpaka anitumie video gari inatembea na mtu amekanyaga mafuta mpaka mwisho, sauti isikike, na yule kijana asiwepo.

Nyota moja. Haya weka mbili, ya pili ni ya Kaiser si yao. Video ikija na ule mluzi wa supachaja upo nitapanda tena na hela mfukoni, sijui hasira itakuwa imeenda wapi, so kama kuna mdau wa Ohio au Michigan anamjua fundi aliyewahi kufungua VS57 kwa mikono yake, si wa kusoma tu, anitajie kabla ya wikiendi.